Meno ya Kumwonyesha Mpwa

Jino langu la kwanza la mbele lilibaki Mafubira, nje kidogo ya mji wa Jinja, barabarani. Mpaka leo nikipita pale huwa natazama chini, sijui natafuta nini, maana hata nikiliona silirudishi mahali pake.

Sikupigana na mtu. Kilichonipiga ni tarumbeta yangu mwenyewe. Mimi nilikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya magereza miaka yote ya kazi, na nilipostaafu sikukubali kukaa nyumbani Walukuba nikitazama kuku wa jirani wakipita. Tukajikusanya wastaafu wenye pumzi, tukaunda bendi ndogo ya kukodiwa kwenye harusi. Kazi yetu ni kupanda nyuma ya pikapu, kutangulia msafara wa maharusi, na kupiga mpaka mji mzima ujue nani ameoa. Siku hiyo tulikuwa tunatoka kanisani, bibi harusi yuko nyuma yetu ndani ya gari la maua, watu wamejipanga pembeni wanashangilia. Dereva wetu akadhani anashangiliwa yeye. Akaongeza mwendo. Mbele kulikuwa na shimo, na kila mtu wa Mafubira analijua shimo lile isipokuwa yeye.

Pikapu ikaruka, na sisi tukaruka. Tarumbeta ilikuwa mdomoni. Iliposhuka, haikushuka pamoja na mimi.

Nilitema damu na jino likaenda na damu. Jino la pili, la pembeni yake, lililegea tu, likabaki linaning'inia. Nililibembeleza jino lile, jamani! Nikalilisha uji, nikalilisha ndizi zilizopondwa, sikuliongelesha kwa sauti kubwa. Siku moja nikajisahau, nikapewa muwa, na ni nani anayekaa Busoga, nchi ya miwa, akakataa muwa? Niliuma, nikavuta, na nilipotazama mkononi nikaona jino langu limesimama kwenye muwa, limenyooka vizuri kuliko lilivyowahi kunyooka mdomoni mwangu.

Sasa, tarumbeta haipulizwi na mapafu peke yake. Kile kikombe chake cha kupulizia kinaegemea midomo, na midomo inaegemea meno. Ukiondoa meno ya mbele, midomo inaingia ndani, na kinachotoka upande wa pili ni upepo mtupu. Wenzangu wa bendi walinisikiliza nikijaribu, wakatazamana, wakanipa ngoma kubwa. Ngoma kubwa! Mimi niliyewapigia wakubwa wa nchi hii wimbo wa taifa, sasa napiga du, du, du, kama mtu anayetwanga mahindi. Nilikasirika mwezi mzima. Nikajifunza pia kuziba mdomo kwa mkono kila nikicheka, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kucheka, mkono wangu haukupata mapumziko.

Mke wangu ni Msoga wa hapa hapa Jinja. Kiswahili alifundishwa na maisha ya kambi, na akitaka kunichokoza huniita kwa cheo.

"Afande," akaniambia, "daktari wa meno yuko hapo mjini. Ni boda moja tu."

"Sina nafasi," nikasema.

"Mstaafu gani huyo asiye na nafasi?"

Nikamwambia nangoja mvua ziishe. Mvua zikaisha. Nikamwambia nangoja vumbi litulie.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Nasema leo bila kuona haya, lakini wakati ule afadhali ungening'oa ulimi kuliko kunitoa neno hilo. Maana mimi ni Mgisu, mtu wa Mbale. Kwetu kijana anakuwa mwanaume kwa imbalu, yaani tohara yetu, na imbalu haifanywi chumbani. Unasimama uani, mchana kweupe, mbele ya ukoo na majirani na watu waliokuja tu kutazama. Unainua mikono juu umeshika fimbo, unakodoa macho mbele, na ngariba anafanya kazi yake. Hakuna ganzi. Hupepesi jicho, hutikisi hata kidole cha mguu. Mimi nilisimama hivyo. Mtu aliyesimama ana ruhusa ya kujigamba maisha yake yote, na ruhusa hiyo nimeitumia vizuri sana, muulize mke wangu.

Sasa mtu kama huyo atamwambia nani kwamba anaogopa kiti cha daktari?

Ilianzia utotoni. Gego liliniuma, na baba akanipeleka kwa mzee mmoja jirani yetu pale Mbale aliyesifika kwa kung'oa meno. Sifa alikuwa nazo, na koleo alikuwa nalo, basi. Wanaume wawili wakanishika miguu, baba akanishika kichwa, na jino likakatika nusu. Ikabidi arudi kufuata nusu iliyobaki. Ile sauti ya jino likikatika ndani ya kichwa changu sijaisahau. Nimeshafikiria sana kwa nini kisu cha imbalu hakikunitisha kama lile koleo. Nadhani ni kwa sababu kisu unakipokea umesimama, umecheza ngoma wiki nyingi, damu imechemka, watu wanakuimbia jina lako. Daktari wa meno anakulaza chali kama mbuzi wa sikukuu, anakujia kutoka juu, na hakuna anayekupigia ngoma.

Mara moja mke wangu alifanikiwa kunifikisha. Tulikaa kwenye benchi la zahanati, mimi nimevaa shati la Jumapili. Nyuma ya mlango ikaanza kulia ile mashine yao: ziiii. Nikamwambia mke wangu natoka mara moja kununua muda wa maongezi wa simu. Nilinunua, sikudanganya. Nilinunua Walukuba, kwenye duka lililo jirani na nyumba yangu.

Aliporudi nyumbani alisimama mlangoni akanitazama.

"Muda wa maongezi umepata?"

"Nimepata."

"Basi mpigie daktari."

Sikupiga. Na ningebaki na ngoma yangu kubwa mpaka leo, kama mtoto wa dada yangu asingekuja kutoka Mbale.

Kwetu, kijana akiamua kusimama, mjomba haambiwi kwa simu. Anafuatwa kwake, hata kama anaishi Jinja. Mpwa wangu alifika mchana, kijana mkubwa wa mwili, mabega kama mlango, shanga za imbalu zimepishana kifuani chini ya shati. Alipiga magoti kumsalimu mke wangu, akakaa, akanywa maji, ndipo akasema alichofuata.

"Mjomba, mwaka huu nasimama."

Nikafurahi mpaka nikasahau kuziba mdomo. Nikacheka kwa nguvu. Yeye akanitazama mdomoni.

"Mjomba, meno yako wapi?"

"Moja liko Mafubira," nikamwambia.

Hakucheka. Na nilijua kwa nini. Katika ukoo wetu tuna desturi yetu juu ya desturi ya Wagisu wote. Mjomba wangu mimi alikuwa mpiga tarumbeta wa polisi, na siku yangu ya kusimama alinipigia tarumbeta tangu kule nilikopakwa tope la imbalu mpaka uani nilipokatwa. Baadaye mimi nikawapigia watoto wakubwa wa dada zangu, mmoja baada ya mwingine. Ngoma ni za kila mtu, lakini tarumbeta ni ya kwetu. Watu wa Namatala, mtaa wetu kule Mbale, wakiisikia wanasema, hao ni wale wa askari, mtoto wao anatoka leo. Na huyu aliyekaa mbele yangu ndiye alikuwa wa mwisho.

Jioni, kabla jua halijazama, tukatoka kutembea mimi na yeye upande wa ziwani. Tulipita wanawake wanaokaanga samaki, nikamnunulia, hakula. Kijana wa umri ule akikataa samaki, ujue kuna jambo.

"Sema," nikamwambia.

"Mjomba, naogopa."

Alilisema polepole, akitazama maji. Akaniambia juu ya jamaa mmoja wa mtaani kwao aliyesogeza mguu siku yake, mguu tu, na mpaka leo akiingia dukani watu wanamwambia, shika mguu wako usitoroke. Akaniambia mama yake ameshaalika watu, ameshanunua mtama wa pombe, anatembea Namatala nzima akimsifu. "Nikikimbia mimi, mama ataficha wapi uso?"

Nikamwambia kuna hospitali. Vijana wengi siku hizi wanakwenda hospitali, wanamaliza, wanarudi kuendelea na maisha yao, na hakuna dhambi yoyote. Nilimaanisha. Akatikisa kichwa.

"Nataka kusimama, mjomba. Tatizo langu si kutaka. Nataka, na bado naogopa." Kisha akasema, "Nilikuwa nategemea tarumbeta. Kila siku najiambia, nikisikia tarumbeta ya mjomba, miguu itajua pa kwenda. Sasa sijui."

Haki ya Mungu, moyo uliniuma. Kijana yule alikuwa anabeba mambo mawili, hofu yake na pengo langu. Ndipo nikamwambia. Nilimwambia habari ya koleo la yule mzee, ya mashine inayolia ziiii, ya muda wa maongezi. Mwanzoni alinisikiliza kwa adabu. Nilipofika kwenye duka la Walukuba akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani, akishika tumbo.

"Wewe, mjomba? Wewe uliyesimama?"

"Mimi niliyesimama. Nikiona sindano ya yule daktari, nakimbia kuliko swala."

Alipofuta machozi nikamnyooshea mkono. Nikamwambia, "Tufanye hivi. Mimi nitakaa, na wewe utasimama. Mimi nikitoka kwenye kile kiti kabla ya kazi kwisha, nawe kimbia, sitakulaumu, na mama yako nitamwambia kosa ni langu. Lakini nikibaki nimekaa, unasimama."

Akaushika mkono wangu. Nilijuta papo hapo, lakini mkono ulikuwa umeshashikwa.

Wiki hiyo hiyo tukaenda, mimi na yeye. Mke wangu alibaki nyumbani kwa makusudi. Alisema akija yeye nitapata njia ya kumtuma kitu.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mtu wa kaskazini, aliyekulia kambini kwa sababu baba yake alikuwa mwanajeshi. Kiswahili chake kilikuwa cha amri. Alinitazama mara moja akajua mimi ni mtu wa sare.

"Afande, karibu. Kaa."

Nikakaa. Mwili wa askari una ugonjwa huo: ukiamriwa kwa Kiswahili unatii kabla kichwa hakijapata habari.

"Na huyu?" akauliza, akimwonyesha mpwa wangu.

"Huyo ni shahidi," nikasema.

Akanielezea. Meno yangu mawili yaliyobaki kando ya pengo atayachonga yawe membamba, yawe nguzo. Halafu fundi atatengeneza meno manne yaliyoshikana, kipande kimoja: mawili ya pembeni yatavikwa juu ya zile nguzo, na mawili ya katikati yatajaza pengo. Wao wanaita daraja. Mpwa wangu akasema, kama lile la Nile, na daktari akasema, ndiyo, ila hili magari hayapiti. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona sinia la vyuma.

"Sasa nakuchoma ganzi," akasema.

"Sitaki ganzi," nikasema. "Sisi Wagisu hatuchomwi."

Akaweka sindano chini. "Afande, hapa hakuna anayekutahiri. Kule wanakata mara moja wanamaliza. Mimi nitachonga jino lililo hai, na nitachonga kwa muda. Ukikaa kama Mgisu bila ganzi, utatoka dirishani kama mtu wa kawaida."

Nilitazama dirisha. Lilikuwa na nondo.

"Haya," nikasema. "Choma."

"Ukisikia maumivu, inua mkono, nami nitaacha."

Hapo ndipo mila ilipoharibu kazi. Sindano iliponijia, mikono yangu yote miwili ikapanda juu yenyewe, imenyooka, kama nimeshika fimbo, na macho nikayakodoa darini. Si nilikuwa nasimama! Kwetu mikono juu maana yake ni, niko tayari, kata. Daktari akarudisha sindano nyuma.

"Inauma? Bado sijakugusa."

Nikatikisa kichwa, nikashusha mikono. Akaja tena. Mikono ikapanda tena. Akarudi nyuma tena. Tulipofika mara ya tatu, alikuwa ameshaanza kukunja uso, na mpwa wangu akashindwa kuvumilia.

"Daktari, haumii. Anakuambia yuko tayari."

"Basi awe tayari na mikono chini!" akafoka daktari. Akanipa taulo dogo nilishike kwa mikono miwili juu ya tumbo, kama maiti iliyopewa kazi.

Sindano ikaingia. Niseme nini? Iliuma kama kuumwa na siafu, ikaisha. Siafu mmoja, basi! Miaka yote ile nilikuwa namkimbia siafu mmoja. Nusu ya uso wangu ikaenda zake, mdomo ukawa wa mtu mwingine. Nikaanza kujisifu moyoni, ndipo akaiwasha ile mashine.

Hapo nilitetemeka. Sitaficha. Hayakuwa maumivu, kwa maana sikuhisi kitu, ilikuwa ile sauti ndani ya kichwa, sauti ya jino likiliwa, na nikawa mtoto tena, na mikono ya baba iko masikioni mwangu. Miguu yangu ilipiga kiti mpaka kiti kikawa kinalia. Machozi yakanitoka. Ukilala chali machozi yanaingia masikioni, jambo hilo nilikuwa silijui. Nikaanza kujiinua. Kiwiko changu kilikuwa kimeshaegemea ukingo wa kiti.

Daktari akazima mashine. Hakunifokea. "Wewe si unapuliza tarumbeta?" akaniuliza. "Noti ndefu unaipigaje?"

Sikuweza kujibu, mdomo umejaa pamba. Lakini mwili ulijibu. Noti ndefu unaanzia chini, tumboni, unavuta pumzi polepole kwa pua, unaishika, unaiachia kidogo kidogo kama mtu anayemimina mafuta ya taa kwenye chupa. Nikavuta. Nikaachia. Na mpwa wangu akatoka pale ukutani, akaja akasimama miguuni pangu, mahali ambapo sikuweza kuona kitu kingine ila yeye.

"Mjomba," akasema, "niangalie mimi."

Akanionyesha meno. Meno yake yote, ya juu na ya chini, ameyakenua kama mtu anayepigwa picha na mpiga picha mbaya. Hakusema neno jingine. Alisimama hivyo hivyo amekenua, mashine inalia, mate yanamkauka, na mimi nikapiga noti zangu ndefu ambazo hakuna aliyezisikia. Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba sikutoka.

Mwishoni daktari akanijaza mdomoni kitu cha rangi ya waridi kama unga wa mandazi, nikakiuma kikakauka, akapata umbo la kumpelekea fundi. Akanibandikia meno ya muda, akaniambia nirudi yakiwa tayari yale yenyewe.

Nje, kwenye jua, mpwa wangu alinigeukia.

"Ulilia, mjomba."

"Nililia."

"Na ulitetemeka."

"Kiti chenyewe kililalamika, hukukisikia?"

"Lakini hukutoka," akasema. Akasema tena, kama mtu anayejihakikishia hesabu yake. "Hukutoka."

Nilipowekewa lile daraja lenyewe na kufika nyumbani, mke wangu alinisimamisha mlangoni kwenye mwanga. "Cheka," akaamuru. Nikacheka, na mkono wangu, kwa mazoea, ukapanda kuziba mdomo. Akaushusha. "Mkono chini, Afande. Nataka kuona." Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akageuka upesi kwenda jikoni, na nikamsikia anaimba huko. Alikuwa hajaimba siku nyingi.

Tarumbeta haikunipokea kwa furaha hiyo. Daktari alikuwa amenionya nianze taratibu, nisiibane kwa nguvu, na siku za kwanza zilitoka sauti za ndama aliyepotelewa na mama yake. Majirani wa Walukuba ni watu wa subira, lakini mmoja alikuja kuuliza kama tuna mgonjwa ndani. Mimi nikaendelea. Kila alfajiri noti moja, kisha mbili, kisha mstari mzima wa wimbo. Siku niliyoupata wimbo wote, nilikwenda kwa wenzangu wa bendi nikawapigia nikiwa mlangoni, sikusubiri hata kukaribishwa. Ngoma yao kubwa walimtafutia mtu mwingine.

Agosti ikafika, tukaenda Mbale, mimi na mke wangu.

Siku yenyewe Namatala ilikuwa imejaa mpaka juu ya mapaa. Dada yangu alikuwa anakwenda huku na huko, hajui anatafuta nini, akinishika mkono kila akipita. Ngoma zilikuwa zinasikika kwa mbali, kule walikokwenda kumpaka tope, na mimi nilisimama njiani na tarumbeta yangu, midomo imekauka. Nilikuwa na hofu mpya sasa. Je, meno haya yakining'oka mbele ya watu wote hawa?

Akatokea. Tope kichwani na kifuani, vijana wenzake wamemzunguka wanaimba, macho yake mekundu, hayaoni mtu. Nikaweka tarumbeta mdomoni, nikavuta pumzi kutoka tumboni, nikapuliza.

Ikatoka. Wee! Ikatoka nzima, ikapita juu ya ngoma zote, na nikaona kichwa chake kikiinuka. Nikatembea kinyumenyume mbele yake nikipiga, mke wangu ananishika shati nisianguke, mpaka tukafika uani kwa babu yake. Akasimama mahali pake. Akainua fimbo juu. Ngoma zikanyamaza, na mimi nikashusha tarumbeta, kwa sababu wakati huo hakuna anayepiga chochote.

Nilikuwa mbele yake kabisa, nyuma ya bega la ngariba. Nikaona ncha ya ile fimbo inaanza kutikisika. Kidogo tu. Sijui nani mwingine aliona. Macho yake yalikuwa yanahangaika, yanatafuta kitu, yanaruka uso hadi uso, na nikajua yanatafuta nini.

Nikamwonyesha meno. Nikakenua yote, ya kwangu na ya daktari, ya juu na ya chini, nikayaweka juani.

Mzee mmoja pembeni yangu akanipiga kiwiko. "Wewe, unacheka nini? Huyu si mtoto wa dada yako?" alininong'oneza kwa hasira. Sikuweza kumjibu, maana ningefunga mdomo. Akanipiga tena. Nikabaki nimekenua, shavu linaniuma, machozi yananitoka, na safari hii hayakwenda masikioni, yalishuka kidevuni. Mpwa wangu alikuwa ameniona. Macho yake yakatua mdomoni mwangu, yakakaa hapo. Fimbo ikatulia.

Ngariba akainama.

Filimbi ikalia kutangaza kwamba kazi imekwisha, na uwanja mzima ukapasuka. Dada yangu alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, akakaa chini vumbini na nguo yake mpya, akacheka. Mpwa wangu wakamkalisha kwenye kigoda, wakamfunga shuka. Nilipita katikati ya watu, yule mzee bado ananitazama vibaya, nikafika, nikamwekea mkono begani.

Alikuwa anapumua polepole, kutoka tumboni.

"Mjomba," akasema, nikainama nimsikie. "Nilikuwa nayaangalia hayo mawili ya katikati tu. Nilijiambia, yakidondoka, na mimi nakimbia."

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mdomo wazi, mbele ya yule mzee na mbele ya Namatala yote, na mkono wangu haukupanda mdomoni. Ulibaki pale pale ulipokuwa, begani kwake.